Filamu Mbovu Kuliko Zote Dukani kwa Tatsue

Duka la Tatsue Kuramochi lilikuwa na rafu mbili tu za maana, na zote zilikuwa za filamu za yakuza, majambazi wa Kijapani. Kulia zilikaa filamu nzuri, kushoto zilikaa mbovu. Katikati kulikuwa na takataka nyingine, mapenzi, katuni, mazoezi ya kupunguza tumbo, kwa sababu duka la kukodisha kanda za video haliwezi kuishi kwa yakuza peke yao, ingawa Tatsue mwenyewe angeweza. Kila kanda aliibandikia kadi aliyoiandika kwa mkono, na hapo ndipo ulipokuwa ugomvi. Wenye maduka wengine waliandika kadi ili wauze. Tatsue aliandika kama mtu aliyechokozwa.

Ijumaa hiyo, mchana, aliingia Bwana Nezu, mchomeleaji vyuma mstaafu wa kiwanda cha pale Amagasaki, huku akijipangusa mvua kwenye upara.

"Bi Tatsue, mjukuu wangu anakuja kutoka Tokyo. Miaka ishirini na mbili, hajaona filamu ya yakuza hata moja!"

"Masikini. Wazazi wake wako hai kweli?"

"Nimpe ipi?"

"Mpe *Mvua ya Kichochoroni*. Saa nzima inapita hujasikia risasi, lakini hubanduki. Angalia yule mkubwa wa genge anavyokula tambi. Anazivuta, mchuzi unamrukia shati, hajali. Bwana we, kupiga risasi kila mtu anaweza. Jambazi wa kweli utamjua anapokula. Ukiona filamu majambazi wanakaa mezani na hakuna anayetafuna, zima, kalale."

"Na ya pili?"

"*Joka Asiyelia*."

"Si iko kushoto hiyo?"

"Ndiyo. Atajuaje nzuri kama hajaona uozo?"

"Hiyo nimeikodi mara tatu," alisema Bwana Nezu. "Huyu mjukuu nampenda." Akachukua ile ya kwanza tu, akaondoka akicheka peke yake.

Hiyo *Joka Asiyelia* ndiyo iliyokodiwa kuliko kanda zote, wala usiulize kwa nini. Sababu ilikuwa kadi yake. Tatsue aliiandika miaka kumi na minane iliyopita na hakuwahi kubadilisha hata neno: "MBOVU KULIKO ZOTE DUKANI. Shujaa anapigwa risasi kumi na moja, kisha anahutubia dakika saba. Mwongozaji Goro Kurogane akate kidole chake kidogo, kama majambazi wake wafanyavyo wakikosea, akifunge kwenye karatasi nyeupe, atuletee hapa. Labda tutamsamehe." Sasa mtu akisoma hivyo ataachaje kuikodi?

Bwana Nezu hata hajafika kona, akaingia Chizuru, binti yake Tatsue, bado amevaa sare ya kliniki ya meno. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja rafu ya kushoto, akasoma ile kadi kwa sauti mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya ndoo.

"Mama, tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Goro Kurogane ni baba yake Tomoya."

Tomoya alikuwa mchumba wa Chizuru. Tatsue alicheka. Kisha akaona mwanawe hacheki, kicheko kikamkauka mdomoni. "Baba yake Tomoya si anafundisha watu kuendesha magari kule Himeji? Anaitwa Wakisaka!"

"Hilo la Kurogane lilikuwa jina la kazi. Tomoya kaniambia jana. Alitengeneza filamu moja tu maishani mwake, watu wakamcheka, akaacha. Nyumbani kwao haitajwi. Filamu moja, Mama! Na wewe umemwomba kidole."

Tatsue aliigeukia kadi yake. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya wazazi wa pande mbili kukutana, kula pamoja na kukubaliana. Na hii haikuwa mara ya kwanza. Miaka minne nyuma Chizuru alikuwa na mchumba mwingine, mama wa mchumba akamtajia Tatsue filamu anayoipenda, na Tatsue akamjibu kwamba hiyo ni filamu ya watu waliopoteza rimoti. Uchumba haukumaliza mwezi.

"Yule wa kwanza sikumlilia sana," alisema Chizuru. "Huyu nampenda. Ukinivunjia na huyu, mimi sitakuja tena hapa kukutazama usoni. Nakwambia ukweli."

"Nitakuwa bubu, mwanangu."

"Wewe?"

"Bubu kabisa. Nitatabasamu na kula samaki."

Akaibandua ile kadi, akaitia kwenye droo. Kanda ikabaki rafuni bila kadi, na Tatsue hakupenda kuiangalia.

Jumapili ilifika. Walikodi chumba cha mikeka kwenye mkahawa ulio karibu na stesheni, na katikati ya meza palilazwa samaki mwekundu mzima, mkia juu, kama ipasavyo siku ya heri. Tatsue alivaa kimono yake ya kijivu, ya pekee, ambayo ilimbana kifuani ikamsaidia kunyamaza. Bwana Hisanobu Wakisaka alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mazoea ya kuangalia kulia na kushoto kabla hajanyoosha mkono kuchukua chochote mezani. Tomoya, mwanawe, alikaa kando yake. Upande wao hapakuwa na mwanamke, kwa kuwa mama yake Tomoya alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu.

Kwa nusu saa Tatsue alikuwa malaika. "Ndiyo," alisema. "Naam," alisema. "Mvua kweli imezidi," alisema. Chizuru akaanza kupumua.

Kisha Bwana Wakisaka akamimina sake, pombe ya mchele, kwenye vikombe vidogo vyeupe, akainua chake. "Basi, tunywe kwa ajili ya heri ya watoto wetu."

Sasa mnielewe. Tatsue alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu mikono hufanya inachokijua. Mikono ya Tatsue ilikuwa imeona viapo vya yakuza kwenye filamu zaidi ya elfu mbili. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakiinua usawa wa paji la uso, akakinywa kwa mafunda matatu na nusu. Akafuta ukingo kwa kidole gumba. Akachomoa karatasi nyeupe kifuani, akakifunga kikombe, akakitia ndani ya kimono upande wa moyo, akainama mpaka paji likagusa mkeka. Ndivyo mtu anavyojitoa kwa mkubwa wa genge, uhai wake wote, siku zake zote.

Akiwa huko chini ndipo akili ilipomrudia.

"Mama," alinong'ona Chizuru. "Hicho kikombe ni cha mkahawa."

Tatsue alitamani mkeka upasuke umfunike. Kisha akasikia sauti ya Bwana Wakisaka, kavu, ya mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Mafunda mangapi?"

"Matatu," alijibu Tatsue, uso bado chini. "Na nusu."

"Hm. Sahihi."

Akainua macho. Mwalimu wa magari alikuwa anatetemeka mabega, machozi yanamtoka, na alipoachia kicheko mhudumu akafungua mlango kuangalia kama kuna mtu kapaliwa. "Miaka thelathini!" alisema. "Miaka thelathini sijaona mtu anafanya vizuri hivyo! Waigizaji wangu walikuwa wanajimwagia kidevuni!"

"Baba," alisema Tomoya, ameduwaa. "Waigizaji wako? Tangu lini unayazungumza hayo?"

"Tangu sasa hivi." Akajipangusa, akamgeukia Tatsue, na kicheko kikapungua taratibu. "Bi Kuramochi, sheria unaijua. Kikombe kiko kifuani, mimi ndiye mkubwa wako. Nikikuuliza, hunidanganyi."

"Naijua."

"Tomoya kaniambia una duka. Rafu mbili. Filamu yangu unayo?"

Chizuru alimfinya mamake paja chini ya meza, akamfinya kweli, si mchezo. Tatsue akamwangalia mwanawe. Angeweza kusema hana. Neno moja dogo, watu wangeendelea na samaki wao. Lakini yule mzee alikuwa ameegemea mbele, vidole vimekaza ukingo wa meza, na Tatsue aliona kwamba mtu huyu haulizi ili apate sababu ya kugomba. Alikuwa anaogopa jibu kuliko yeye.

"Ninayo."

"Rafu gani?"

"Kushoto."

"Ina kadi?"

"Ilikuwa nayo mpaka juzi."

"Nisomee."

Akamsomea kutoka kichwani, neno kwa neno. Risasi kumi na moja, hotuba, kidole, karatasi nyeupe, vyote. Chizuru alikuwa amejifunika macho kwa viganja. Bwana Wakisaka akakitazama kidole chake kidogo.

"Risasi zilikuwa kumi na mbili," alisema. "Moja haikulipuka."

Tomoya akaguna, akijizuia asicheke.

"Na hakuna hata kitu kimoja?" aliuliza mzee. "Dakika tisini zote?"

"Kipo," alisema Tatsue, na sasa hakuwa na hofu tena, kwa sababu aliloulizwa ndiyo kazi yake. "Dakika nne. Yule mwanamke anayeosha mchele kabla mume wake hajaenda kufa. Jina lake halimo kwenye orodha ya mwisho, nimelitafuta. Yeye haigizi. Anaosha mchele kama mtu mwenye watu wenye njaa ndani ya nyumba. Nimeona filamu nyingi kuliko samaki niliokula, sijaona mwingine kama yeye. Zile dakika nne, kama kanda ingeweza kukatwa, ningezihamishia rafu ya kulia."

Bwana Wakisaka aliweka vijiti vyake vya chakula mezani bila kuangalia kulia wala kushoto.

"Ni Sayo," alisema. "Mke wangu. Mwigizaji aliamka na homa siku hiyo, na tulikuwa na siku moja tu. Lile ni jiko letu. Alikataa jina lake liandikwe, alisema anaona haya."

"Mama?" alisema Tomoya. "Mama yumo kwenye filamu? Na hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Watu waliponicheka nilizichoma nakala zangu zote, mpaka ya mwisho. Kwa hasira, kwa ujinga. Alipofariki nikaanza kuitafuta. Kampuni ilikuwa imefungwa. Nilizunguka maduka Osaka, Kobe, Kyoto, kila mahali walikuwa wamekwisha kuitupa. Nani atunze takataka?" Akavuta pumzi. "Wewe una picha nane za mama yako. Ningekuambiaje kwamba nilimchoma akiwa anatembea na anaongea?"

"Mimi nimeitunza," alisema Tatsue. "Haikai rafuni hata wiki. Watu wanaikodi kwa sababu ni mbovu."

Wakainuka wote, samaki wakamwacha nusu, jambo ambalo kwa Tatsue lilikuwa karibu na dhambi. Mhudumu aliwakimbilia mpaka mlangoni kudai kikombe, na Tatsue akalazimika kukichomoa kifuani mbele za watu. Wakaondoka kwa miguu kwenye manyunyu, Chizuru na Tomoya mbele, wazee nyuma.

Dukani, Tatsue aliwasha ile televisheni ndogo ya kaunta, akaingiza kanda, akaipeleka mbele bila kuangalia namba. Alijua inapokaa. Picha ilipokuja ilikuwa na mistari myeupe inayocheza juu na chini.

"Imeharibika?" aliuliza Bwana Wakisaka.

"Imechakaa. Hapa tu, kwingine ni safi. Ni kwa ajili ya kurudishwa nyuma mara nyingi."

"Na nani?"

"Na mimi," alisema Tatsue.

Mistari ikapungua. Mwanamke kijana, mikono ya nguo imekunjwa, alisimama mbele ya sinki dogo akiosha mchele. Akamwaga maji yenye weupe, akatia mengine, akazungusha kiganja. Nywele zilimwangukia usoni, akazipuliza. Nje ya dirisha mume wa kwenye hadithi alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende akauawe, lakini hakuna aliyemwangalia. Mwanamke akamwaga maji mara ya tatu, akageuza shingo upande wa mlango, akatega sikio. Kisha akaangalia pembeni ya kamera, pale ambapo mtu angekuwa amesimama, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeharakisha wenzake, "Basi, yatosha. Mtoto anaamka."

Picha ikakatika, majambazi wakarudi na kelele zao. Tatsue alikuwa amelisikia neno hilo labda mara mia, na siku zote alidhani limo kwenye maneno aliyoandikiwa mwigizaji.

"Halikuwemo," alisema Bwana Wakisaka. "Alikuwa ananiambia mimi nizime. Ulikuwa umelala nyuma ya ule mlango, Tomoya. Ulikuwa na miezi mitano."

Tomoya akasogea karibu na televisheni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye suti mpya, na alisimama mbele ya kaunta mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi. Chizuru akaushika mmoja.

"Mama," alisema Tomoya, na ilimchukua Tatsue muda kuelewa kwamba anaitwa yeye. "Rudisha nyuma. Tafadhali. Pale anaposema."

Tatsue akabonyeza.