Sura Mia Moja na Ishirini

Everlyn Cheptoo hakubonyeza kitu. Sura ya kwanza ilitokea kwenye skrini, mwanamume wa Kijapani mwenye miwani, ikakaa sekunde moja, ikatoweka. Vitufe vilikuwa viwili tu: kijani kwa mtu wa kuaminika, chekundu kwa asiyeaminika. Ikaja sura ya pili, ya tatu, ya kumi. Mikono yake ilitulia mapajani kama ya mtu aliye kanisani, na kwa haki huko ndiko angekuwa, maana ilikuwa Jumapili, siku yake moja ya mapumziko.

Walikuwa walinzi kumi na saba katika ukumbi wa kulia chakula wa makazi ya kampuni, Al Qusais, Dubai, kila mmoja na kompyuta yake. Dokta Hamano, mama mtafiti wa saikolojia kutoka chuo kikuu kimoja cha Japani, alikuwa amewaeleza shida yake kwa Kiingereza cha taratibu. Wanafunzi wa kwao walizitazama sura hizo hizo na kuamua papo hapo, bila kufikiri. Sasa alitaka kujua kama watu ambao kazi yao ni kusimama milangoni huona vile vile. Hakuna jibu sahihi wala kosa, alisema, akainamisha kichwa kwa adabu.

Kisha msimamizi wao, Clifford, Mkenya mwenzao, akaongeza ya kwake kwa Kiswahili, akitabasamu ili mgeni adhani anawakaribisha.

"Sikieni. Majibu yenu yanakuja kwangu, na majina. Wale wako na jicho kama la hao wanafunzi watabaki mall. Wale hawana, yalla, haya, Muhaisnah, mkalinde mageti ya kambi za vibarua. Tumeelewana?"

Walielewana, tena sana. Everlyn alikuwa amesimama kwenye geti la kambi Muhaisnah miaka miwili, juani, kabla ya kuupata mlango wa duka kubwa Deira, wenye kiyoyozi na kiti cha kupumzikia. Hakuna kitu alichokitaka Dubai zaidi ya kubaki kwenye mlango ule. Angeweza kubonyeza kama wenzake, akaomba Mungu. Lakini hasira ilimkaba. Yaani mtu apoteze mlango wake kwa sababu wanafunzi wa Japani walimpenda mzee fulani wa kwao, na yeye hakumpenda? Upuuzi mtupu, na aliyeubuni alijua ni upuuzi.

Sura zilipokwisha, Dokta Hamano alipita akikagua kompyuta. Kwa Everlyn akasimama.

"Samahani. Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima, madam. Mimi ndiye nimekataa."

Everlyn akainua karatasi ambayo wote walitia sahihi asubuhi, na ambayo hakuna mwingine aliyeisoma. Dubai watu hawa walikuwa wametia sahihi makaratasi mangapi, mengine ya Kiarabu, bila kujua yanasema nini?

"Hapa umeandika kwamba naweza kuacha wakati wowote na nisiadhibiwe. Umeandika pia kwamba mwajiri hataonyeshwa majibu yetu."

"Ndiyo, hivyo ndivyo."

"Basi muulize sir alituambia nini kwa Kiswahili."

Clifford akacheka. Ulikuwa mzaha tu, alisema, walinzi wanapenda mizaha. Sammy, kijana wa zamu moja na Everlyn, akasukuma kiti chake nyuma na kusimama.

"Haukuwa mzaha, madam. Alisema tukifeli tunahamishwa."

Uso wa Dokta Hamano ulisawijika kwa aibu. Aliomba radhi, tena mara mbili, kisha akapita meza hadi meza akifuta majibu yote mbele ya macho yao. Kazi ya miezi ikaenda hivyo. Alipomaliza akarudi kwa Everlyn. Utafiti ulikuwa bado unamwasha.

"Sura mia moja na ishirini. Kweli moyo wako haukusema kitu?"

"Ulisema kwa kila moja," Everlyn akajibu. "Lakini moyo wangu naujua. Siku niliposhuka uwanja wa ndege, mtu alinipokea kwa tabasamu, akaniita dadangu kwa Kiswahili cha nyumbani. Sekunde moja tu, nikamwamini. Akanipa karatasi, nikatia sahihi bila kusoma. Nikajikuta Muhaisnah miaka miwili."

Hakumtazama Clifford. Wenzake wote ndio waliomgeukia Clifford.

Clifford akatoa fomu ya uhamisho kwenye faili lake, akaandika jina la Everlyn kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akaisukuma mezani.

"Sign hapo. Khalas, imekwisha. Kesho unapanda basi la Muhaisnah."

Everlyn akavuta kiti, akakaa. Akaisoma mbele na nyuma, polepole, kila mstari, huku wenzake kumi na sita wakija kusimama nyuma yake mmoja mmoja, na Dokta Hamano akisubiri na begi lake begani. Nje dereva aliyemsubiri Dokta alipiga honi. Hakuna aliyetoka.

Alipomaliza, akairudisha bila sahihi, kidole kikiwa kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

"Hapa wanataka sababu. Andika sababu, Clifford. Andika kwa Kiingereza, ili madam naye asome."

Clifford aliinua kalamu, akamtazama mgeni, akawatazama walinzi. Kalamu ikabaki hewani.

"Huna sababu?" Everlyn akasema, akiinuka. "Basi kesho niko kwenye mlango wangu, Deira."