Salfa Aliyevaa Kanga ya Mama

Usiku wa jana niliota nimechelewa kazini, na mlinzi wa getini alikuwa mizani.

Sikushangaa. Ilikuwa ile ile mizani ndogo ya maabara yetu, ila imevaa sare na buti. Iliniamuru nipande juu yake nitaje jina. Nikasema, "Somoe, mkemia wa mafuta." Ikanipima, ikaguna.

"Unaficha kitu," ikasema. "Juzi ulikuwa mwepesi kuliko hivi."

Ilisema kweli. Kiwanda chetu, katika nchi hii ya ugenini nilikofuata kazi, kina leseni ya kukamua mafuta ya bangi kwa ajili ya wagonjwa. Mmoja wao ni Tunu, mtoto wa dada yangu Asumini; tunaishi wote hapa. Tunu ana kifafa. Kabla daktari hajamwandikia mafuta yale alikuwa akianguka mara tisa kwa siku. Sasa hupita mwezi mzima hajaanguka. Chupa yake imebakiza siku nne, na mafuta mapya yamekataliwa kwa sababu yamekutwa na metali ya risasi na salfa. Risasi ilitoka kwenye udongo wa shamba, na hiyo tunajua kuichuja. Salfa ilitoka kwangu. Niliona ukungu mweupe juu ya majani, nikawaambia wakulima wapulize unga wa salfa, kama tunavyoipulizia mikorosho kwetu Newala. Nilisahau kwamba bangi ikikamuliwa, kilichokuwa juu ya jani nacho hukusanyika kwenye mafuta. Kosa hilo sijamwambia mtu.

"Ingia," mizani ikasema. "Wageni wako wamefika, milioni kamili."

Mlango wa maabara unafungukia ukumbi wa harusi. Yamekaa matone ya mafuta, kila tone na kiti chake cha plastiki, yote yamevaa nguo za rangi ya asali. Nyuma kabisa kuna bwana mnene wa kijivu. Kiti chake kimezama sakafuni mpaka magoti yanamgusa kidevu.

"Yule ni Risasi," mizani inaninong'oneza. "Kanuni inaruhusu nusu yake tu kwa kila matone milioni. Amekuja mzima."

Namfuata. "Shikamoo, bwana Risasi."

"Marahaba, binti."

"Samahani sana. Nakuomba ubaki nusu."

Anafikiri kwa adabu. "Nusu ipi? Ya juu ndiyo inayokula pilau. Ya chini ndiyo iliyokaa."

"Basi ondoka wote."

"Ningependa. Lakini mimi ni metali nzito, mwanangu. Siondoki. Naondolewa."

Hapo anatoka jikoni Udongo Mweupe, yule yule tunayemjaza kwenye bomba la kuchujia. Ni mama mpana, na ana mikono mingi kiasi kwamba yule aliyemshonea gauni alikata tamaa, akaacha mashimo tu. Anamkumbatia Risasi mbele, nyuma na ubavuni.

"Jamani shangazi, unanibana!"

"Ndiyo kazi yangu, baba. Tulia."

Anamweka mgongoni na kutoka naye kama mtu anayepeleka mahindi mashineni. Machozi yananitoka. "Asante, shangazi," nasema. "Asante sana."

"Yangu nimeipokea," anajibu bila kugeuka. "Ila yuko mwenzangu mmoja hapa hajawahi kupewa yake."

Nikageuka, na ukumbi ulikuwa shamba letu la mikorosho, Newala. Viti vya plastiki vilikuwa vimebaki, na matone juu yake, yamekaa kivulini. Katikati alisimama mtu mwembamba wa njano. Amejifunga kanga puani. Niliitambua kanga ile kwa kiraka chake cha bluu. Ilikuwa ya mama, aliyefariki mwaka juzi. Kila msimu wa kupuliza alijifunga hivyo hivyo.

"Salfa," nikasema, "kwa nini umejifunga?"

"Vumbi. Linaniumiza kifua."

"Lakini vumbi ni wewe."

"Ndiyo maana linaniumiza."

Nikamwambia tafadhali aondoke, mtoto anaumwa.

"Nani aliniita?"

"Mimi."

"Nikaja. Ukungu ulikuwa umeshakula nusu ya shamba, nikaumaliza. Wewe ukanipa nini?" Anatoa karatasi mfukoni. Ni ripoti ya maabara, mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: UCHAFU. "Kwenu nimefanya kazi misimu kumi na sita. Mikorosho ikazaa, wewe ukasoma kemia. Na huko kwenye kemia ukaenda kujifunza namna ya kunitoa."

Aibu iliyonishika sijawahi kuiona. Nikakaa chini kwenye majani makavu.

"Asante," nikamwambia. "Asante kwa mikorosho na kwa shule. Asante kwa zile jioni mama alizorudi wa njano kuanzia utosini, anacheka, sisi tunamkimbia. Nilikuita mahali pasipo pako, na kosa hilo ni langu. Kesho nitalisema."

Salfa akapenga kamasi kwenye ile ripoti.

"Sasa niende wapi? Siwezi kwenda peke yangu. Lazima nishikwe na mtu."

"Aje kwangu," ikasema sauti kutoka mkononi mwangu.

Ilikuwa bangili ya shaba, ya mama, ambayo sijaivua tangu msiba.

"Nimekaa mpweke tangu bibi yule aondoke," inasema. "Nitamshika mimi. Sharti moja tu. Kila Ijumaa unanisugua kwa ndimu na majivu mpaka naona haya mbele za watu. Nikishamshika huyu, usinisugue tena. Atatoka."

"Nimekubali."

Ndoa inafungwa hapo hapo. Shahidi ni mizani, kwa kuwa ndiyo pekee yenye buti. Salfa anafungua kanga puani, anaikunja vizuri na kunirudishia. Kisha matone yote milioni yanasimama, yanapanga foleni, na kuingia kwenye chupa ya Tunu moja moja, kila tone likipiga hodi. Mimi nimeshika chupa, najibu karibu, karibu, karibu, na sichoki.

"Somoe! Amka, kumekucha!"

Asumini alikuwa mlangoni na kikombe cha chai na nusu ya ndimu. Ilikuwa Ijumaa. Nilinyoosha mkono kupokea, sote wawili tukaiona bangili. Jana yake ilikuwa inang'aa. Sasa ilikuwa nyeusi tii, kama chini ya sufuria. Nikainusa. Ilikuwa na harufu ya yai bovu, kwa mbali.

"Kha! Mdogo wangu, umeshika nini? Lete nikusugulie."

"Usiisugue, dada."

Nikakamulia ile ndimu kwenye chai. Nikamwomba akae, nikamwambia kwamba salfa iliyoharibu dawa ya Tunu niliiita mimi. Nikamwambia pia kwamba kazini, kabati la chini, kuna kopo zima la unga wa shaba ambalo hatujawahi kulifungua.

Aliitazama bangili ya mama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kunywa chai uende," akasema.