Kigoda cha Bi Mwanamkuu

Wewe ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Ulisimama kwa yule mama wa mihogo, mkabala na geti la ghala la tumbaku, kipande chenye pilipili mkononi, wakati mlinzi anamtoa Anifa nje kwa kumkamata mkono kama mwizi wa kuku. Msimamizi alisema maneno pale getini, ukayasikia. Fomu za chama cha wafanyakazi zikamwagika barabarani, kumi na mbili, kila moja na jina la mwanamke. Ukaangalia mihogo yako. Mimi nilifika geti limeshafungwa, nikashuka kwenye baiskeli nikaziokota, na wewe bado unatafuna.

Anifa ni mke wa Abasi, fundi viatu wa mtaa wa Ng'ambo. Abasi ni mtani wangu: yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo, na nyumbani kwake sina jina jingine. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara. Babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, babu zangu wakawauzia maji. Hajatusamehe mpaka leo. Kila nikiingia kwake ananiuliza ndoo nimeiacha wapi.

Mle ghalani wanawake huchambua majani ya tumbaku kwa rangi, na kazi inakwenda kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, mikono inafuata. Mwanzishaji alikuwa Anifa. Vumbi lile linakaa kifuani. Waliomba barakoa mara tatu, wakaambiwa wavumilie. Basi Anifa akaenda kuchukua fomu za chama, wakajaza, na asubuhi iliyofuata hakuanzisha wimbo. Walifanya kazi yote, hawakuacha jani, ila kimya. Siku tatu. Msimamizi angejua la kufanya na kelele, kimya kilimtisha. Siku ya nne, Alhamisi, akapekua mfuko wa Anifa, na mengine uliyaona.

Siku mbili baadaye mama yake Abasi, Bi Mwanamkuu, akafariki. Huyu bibi ndiye kila jioni alikaa kwenye kigoda chake, akamweka mkamwana wake chini mbele yake na kumfuta vumbi la tumbaku masikioni kwa ncha ya kanga iliyolowa maji. Alimfuta kama mtoto, huku anamsema. Anifa ana miaka thelathini na tisa.

Nilisubiri wiki ya kwanza ipite, nikaenda kwao na fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakaipokea vizuri, wakaiweka juu ya kabati. Mzee Selemani, baba mdogo wa Abasi, akanieleza taratibu kwamba katika nyumba ile ugomvi hautoki mlangoni mpaka arobaini ya marehemu ipite. Anifa mwenyewe alikuwa wa kwanza kukubali. Alisema hawezi kwenda kushindana na watu wakati udongo wa mama yake haujakauka.

Nikarudi kwangu na hasira yangu. Sikusoma sheria darasani. Nilifukuzwa karakana mwaka 2011 kwa kuitisha kikao cha mafundi, nikapeleka lalamiko siku ya thelathini na nne. Nikaambiwa nieleze kwa nini nimechelewa. Sababu yangu ilikuwa kwamba sikujua, na haikutosha. Siku nne, mpaka leo nazikumbuka kwa majina. Ndipo nikanunua kitabu cha sheria ya ajira pale stendi, nikakisoma mpaka kikapoteza jalada. Kinasema mtu hafukuzwi kwa kujiunga na chama. Kinasema mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki. Lakini siku za kulalamikia kufukuzwa ni thelathini. Wao wanahesabu arobaini.

Alhamisi ya nne baada ya geti ilikuwa siku ya ishirini na nane. Jumamosi ofisi imefungwa. Ilibaki Ijumaa peke yake.

Alasiri ya Alhamisi hiyo walikuwa na kisomo. Dua ilipokwisha, kahawa ikizunguka, nikaingia, nikatoa shikamoo kwa wazee, nikapita katikati ya mkeka mpaka pembeni kilipowekwa kigoda cha Bi Mwanamkuu. Hakuna aliyekikalia tangu azikwe. Nikakaa.

Vikombe vilisimama hewani.

Abasi akasema taratibu, "Mgogo, inuka hapo."

Nikamwambia siinuki. Mtani msibani ana haki yake, na kigoda kile nimekiteka. Wakitaka kukikomboa watoe ninachotaka, ama nakifunga kwenye baiskeli nakipeleka kwetu tukakalie kisimani. Wanawake mlangoni wakaanza kucheka kwa kuficha midomo.

Mzee Selemani hakucheka, ila mila anaijua kuliko mimi. Mtani hakataliwi. "Haya, taja," akasema. "Mbuzi?"

"Sahihi ya Anifa," nikasema. "Na kesho asubuhi miguu yake Tume."

Akaniambia nimekosa adabu, kwamba utani si mlango wa kupitishia kesi. Nikamjibu kwamba babu zao, hao wabeba mizigo, posho ikipunjwa walitua wote kwa pamoja njiani, na kiongozi wa msafara hakuwa na wa kumchapa. Leo mke wa mjukuu wao ametua mzigo, na nyumba nzima inamwambia angoje.

Abasi akaniuliza kama maji ya kunywa kesho Tume nitawauzia bei gani.

Anifa ndiye aliyesimama. Akaitoa fomu juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, polepole, kama alivyokuwa akipanguswa yeye. "Mama angeshanisukuma mwenyewe," akasema. Akatia sahihi. Nikainuka, nikakibeba kigoda kwa mikono miwili na kumrudishia. Akakikalia.

Ijumaa tulifika Tume kabla hawajafungua mlango. Lalamiko likapokelewa.

Usuluhishi umeshindikana. Mwajiri anasema hakumfukuza mtu. Anasema Anifa alitoroka kazini. Barua hakuna, maana alifukuzwa kwa mdomo. Levina, aliyekuwa akikaa naye meza moja ghalani, amekubali kutoa ushahidi juu ya vumbi na fomu, lakini alikuwa ndani, hakuona ya getini. Mama wa mihogo amehamia Sikonge, simu haipatikani.

Umebaki wewe. Shauri linasikilizwa Jumatano saa tatu asubuhi, na mwamuzi hawezi kusikia ulichokimeza. Nakupitia saa mbili na baiskeli. Uwe umeshavaa viatu.