Kwenye Kiti Kile Sina Shangazi

Kwato zilisikika kwanza. Zilikuwa zinatoka nyuma ya banda, juu ya sakafu ya saruji, na farasi mwenyewe alikuwa bado hajaonekana: ko, ko, ko, kisha pigo laini kama la mguu uliofungwa kitambaa. Nikakaa wima kitini. Mguu mmoja wa farasi huyo ulikuwa unaigusa ardhi kwa woga.

"Umesikia nini?" aliuliza Mama Kengele.

Huyo ndiye mwamuzi mkuu wa maonyesho yetu ya farasi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Jina alilipata kwa ajili ya kengele ya shaba inayokaa mezani mbele yake. Farasi akichechemea, au mpandaji akipotea njia, kengele inalia na kila kitu kinasimama. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Mtihani wa maandishi nilikuwa nimeshaufaulu. Kilichobaki ni kukaa naye kwenye kibanda cha waamuzi siku nzima ya onyesho, nikitaja alama zangu na sababu zake kabla yeye hajataja zake. Jioni angesaini au asingesaini. Akisaini, nami ni mwamuzi.

Nilikitaka kiti hicho kuliko kitu chochote, na sioni aibu kusema. Nimekua nikisafisha mabanda. Nimeona wapandaji wakitoka uwanjani na nafasi ya mwisho, wakiuliza kwa nini, wakajibiwa tu kwamba ndivyo waamuzi walivyoona. Waliona nini? Mtu ameamka gizani kumpiga farasi brashi mpaka anang'aa, halafu anyimwe hata sababu? Mimi ningewapa sababu, tena sababu zenye miguu ya kusimamia.

"Anachechemea," nilisema. "Mguu wa mbele."

Hapo farasi akatokea kwenye kona. Alikuwa jike wa kijivu, mzee, anayetembea kwa maringo kama ametandikiwa zulia, ndiyo maana tunamwita Bi Harusi. Na juu yake, mgongo umenyooka, glavu nyeupe zimefuliwa mpaka zimekuwa nyembamba, alikuwa shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipandisha juu ya farasi kwa mara ya kwanza. Siku za kazi anafua mashuka ya hospitali. Siku za mapumziko ni za Bi Harusi. Asubuhi ile alinikuta nafunga tai mbele ya kioo, akasema, "Mheshimiwa, ukinipa nafasi ya mwisho, usiku utajipikia."

Nilimjibu bila kutabasamu, "Kwenye kiti kile sina shangazi."

"Haya, yatima," akasema, akanirekebishia tai.

Mama Kengele aliujua udugu wetu. Nilimwambia mapema, maana ndivyo kanuni inavyotaka. Alisema alama za mwanafunzi hazihesabiwi, kwa hiyo nibaki, aone nitafanyaje. "Lakini kengele," aliongeza, "huigusi mpaka nikwambie."

Shangazi akaingia uwanjani. Mchangani kwato hazikulia, lakini lile pigo laini lilikuwa bado limo masikioni mwangu. Akazunguka kwa mbio ndogo, na kila alipopita mbele yetu niliuona ule mguu ukisita. Niliuona kabisa. Watu walijaa kwenye uzio, na wengi wanajua mimi ni mtoto wa nani. Nikawaza, sasa watasema nimemfumbia macho mtu wa nyumbani. Damu ikanipanda. Mama Kengele, kidevu mkononi, alikuwa anatazama tu.

Nikanyoosha mkono, nikapiga kengele.

Shangazi alivuta hatamu, akatazama kibandani, akashuka. Mama Kengele hakunikaripia. Alimwita fundi wa kwato kwa ishara ya kidole.

Fundi aliinua miguu ya farasi mmoja baada ya mwingine, akaibonyeza, akaigonga kwa nyundo ndogo. Bi Harusi alipiga miayo.

"Huyu mzima kuliko mimi," fundi akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye uzio. "Amedondosha kiatu tu, tena cha nyuma."

Viatu vitatu vya chuma na ukwato mmoja mtupu. Basi ungetegemea nisikie nini kwenye saruji? Jambo hilo nalijua tangu sijaanza shule.

"Lakini nilimwona akisita," nilisema.

"Ulishamhukumu kabla hajakata kona. Mengine ukayatafuta," alisema Mama Kengele. "Angekuwa mpandaji mwingine ungemtazama mara ya pili. Kweli au uongo?"

Nikaisogeza kengele mbali na mkono wangu.

"Umemwonea ndugu yako ili watu wakuone wa haki. Huo nao ni upendeleo, kijana. Umejipendelea mwenyewe."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, mimi maneno hayajawahi kuniishia. Lakini pale uwanjani shangazi alikuwa amesimama peke yake na hatamu mkononi, na watu wananong'ona kwamba anapanda farasi mgonjwa.

"Kengele ikipigwa kimakosa, nani anaisahihisha?" niliuliza.

"Aliyeipiga. Anakwenda katikati ya uwanja na kusema kwa mdomo wake."

Nikaenda. Mchanga ukaingia kwenye viatu nilivyoving'arisha. "Kengele ile ni kosa langu," nilisema. "Farasi hachechemei. Amepoteza kiatu na mimi sikuangalia vizuri."

"Sauti," mtu akadai kutoka kwenye uzio.

Nikarudia yote kwa sauti, pamoja na hilo la kutoangalia. "Mpandaji ataanza upya."

"Nisamehe, shangazi," nilinong'ona nilipompita.

"Shangazi yako nani? Nenda kakae, mwamuzi hapigi soga na wapandaji."

Fundi alipigilia kiatu, shangazi akaanza upya. Safari hii nilimtazama Bi Harusi kuanzia kwato hadi masikio, kisha nikarudia. "Mwendo safi," nilisema wapandaji wote walipomaliza. "Duara la kushoto lilikuwa kama yai, kosa la mpandaji. Nafasi ya nne."

"Na mimi ya nne," alisema Mama Kengele.

Jioni hakusaini. Alisema macho ninayo, na kutembea kule mchangani kumenipa heshima kwake, lakini nilipiga kengele bila kuambiwa, na wapandaji hawawezi kuachiwa mkono usiosubiri. Nikae naye tena onyesho lijalo. Nilimeza hasira, ilikuwa chungu, nikamshukuru.

Shangazi nilimkuta bandani anampiga Bi Harusi brashi.

"Hajasaini?"

"Hajasaini."

"Afadhali. Angesaini ningemfuata mimi mwenyewe." Akapiga brashi mara kadhaa. "Na hiyo nafasi ya nne, nimekosea wapi?"

"Duara la kushoto. Ukigeuka kushoto unatazama masikio ya farasi badala ya kutazama mbele, naye anajiendea."

Brashi ikasimama. "Miaka yote nimepanda, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alisema polepole. Kisha akanigeukia. "Onyesho lijalo nitakuwepo. Utanifanyaje?"

"Nakuahidi, shangazi. Nitakutazama kama ninavyomtazama mgeni, sitafungua mdomo mpaka nimetazama tena, na ukiboronga nitakwambia ulipoborongea, hata kama nitajipikia mwaka mzima."