Sauti ya Salome Duarani

Saa kumi na mbili asubuhi, kama kila asubuhi na jioni, Mbuke alivuta mililita nne za dawa kwa bomba lisilo na sindano, akaiminya taratibu shavuni mwa binti yake Salome, akasubiri ameze. Kisha akaandika kwenye daftari la utafiti: saa, kiasi, sahihi. Kuandika alikuwa amejifunza mwaka huo huo, kwenye darasa la jioni la kanisani, kwa ajili ya daftari hilo.

Salome alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajawahi kusema neno. Daktari alieleza kwamba shida ilikuwa kwenye vinasaba alivyozaliwa navyo. Watoto kumi na wawili wangejaribu dawa mpya kwa miezi sita. Atakayeonyesha mabadiliko angeendelea kupewa.

Wiki ya saba Salome alianza kusema. Alichezesha midomo nyumbani, ameketi kwenye kigoda, na sauti ikatokea kilomita tatu kutoka hapo, karibu na Bulyanhulu, chini ya duara, shimo la dhahabu alimochimba baba yake, Thobias.

"Shikamooni," ilisema sauti kutoka kwenye mwamba.

"Marahaba," waliitika wachimbaji, wakaendelea kugonga.

"Thobias, huyu mtoto adabu hakuitoa kwako," alisema Deusdedit, msimamizi wa duara.

Kwa masharti ya utafiti, neno liliandikwa daftarini pale tu mlezi aliyeweka sahihi alipolisikia kwa masikio yake. Mlezi huyo alikuwa Mbuke, na wachimbaji wa pale hawakuruhusu mwanamke kushuka duarani. Mbuke alifunga na kusali siku tatu. Siku ya nne alimbeba Salome mgongoni hadi kwa jirani, akaenda machimboni na daftari.

"Mama Salome, mwiko unaujua," alisema Deusdedit. "Mwanamke akishuka, dhahabu inahama."

"Binti yangu yumo humo wiki nzima. Naye ni mwanamke. Imehama?"

Deusdedit alifikiri. Wiki hiyo walikuwa wamepata kama wiki nyingine zote. Akamfunga kamba kiunoni.

Kwenye mita thelathini Mbuke alikaa juu ya kiroba cha mawe, akangoja.

"Mayu," ilisema sauti. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Naam, mwanangu," aliitika. Akafuta vumbi kwenye daftari, akaandika: *Mayu. Saa nne na robo. Duarani, mita thelathini.*

Alishuka kila siku hadi miezi sita ilipokwisha. Aliandika maji, kuku, sitaki, Baba anakoroma. Wachimbaji walimwekea kigoda.

Siku ya kipimo cha mwisho, kliniki mjini Kahama, nesi Violeth alimwambia Salome aseme mama. Midomo ilicheza. Chumba kilikaa kimya. Violeth akasoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa.

"Mwandiko wako umenyooka, Mama Salome. Na nakuamini. Kaka yangu anachimba huko, ameshamsikia."

"Basi jaza."

"Fomu ina nyumbani, shuleni na kliniki. Duarani hakuna."

"Twende ukasikie mwenyewe."

"Nikishasikia, nitajaza wapi?"

Mbuke alibaki amekaa mpaka taa za korido zikazimwa. Penye swali la mabadiliko, Violeth aliweka alama kwenye *hapana*. Mwezi uliofuata utafiti ulifungwa, na chupa zilizobaki zikahesabiwa na kurudishwa zilikotoka.

Bila dawa, sauti ilianza kushuka. Wachimbaji waliongeza kamba, wakaifuata. Ilifika mita thelathini na nne, kisha arobaini na moja. Mbuke aliuza mbuzi akanunua taa ya kichwani. Daftari la utafiti lilipojaa, alichora mistari kwenye daftari la shule, safu zilezile, pamoja na ile ya kiasi.

Jioni moja, saa kumi na mbili na dakika tano, alilaza sikio kwenye mwamba.

"Mayu," ilisema sauti, mbali. "Dawa."

Mbuke aliandika neno, saa na kina. Kwenye kiasi aliandika sifuri. Akaweka sahihi, akatikisa kamba ili wampandishe.