Nyota za Sweta Nyekundu

Norah alipoolewa kijijini Petta, Uganda, hakujua Kidhopadhola, lugha ya huko, zaidi ya salamu. Kwao ni Busia, upande wa Kenya, ambako aliuza katika duka la zawadi na mapambo hadi Phillip alipomchumbia. Yeye na wakwe zake waliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Cha mama mkwe wake, Akiror, kilikuwa cha kukatakata, lakini walielewana.

Desemba hiyo ya kwanza Phillip alikuwa bado kazini Tororo mjini. Norah alitaka sikukuu iwakute wako safi, basi akakusanya nguo za watu wote na kuzifua. Mojawapo ilikuwa sweta nyekundu ya baba mkwe wake, mzee Ofumbi. Ilikuwa sweta nzito ya sufu, aliyoletewa na kaka yake Samuel kutoka Eldoret alikokuwa akifanya kazi. Samuel alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo mzee hakuenda kanisani bila sweta hiyo, hata jua liwe kali namna gani. Kwenye kiwiko palikuwa na doa la mafuta. Norah akachemsha maji, akaitumbukiza humo na sabuni, akaisugua kwa nguvu zake zote.

Alipoitoa ilikuwa imenywea hadi ikawa kama ya mtoto wa chekechea, tena nene na ngumu kama zulia. Aliivuta mikono, aliivuta mabega, wapi. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliwaza kuificha hadi Phillip arudi amsemee. Halafu akaona kungoja kutamtesa zaidi. Akaenda nayo vilevile, inadondosha maji, hadi nyuma ya ghala ambako mzee alikuwa akichonga mpini wa jembe. Akapiga magoti, akamweleza yote.

Mzee Ofumbi aliilaza juu ya mapaja yake, akapitisha kidole gumba kwenye shingo ya sweta. Kisha akajaribu kuivaa. Iligoma kwenye paji la uso. Akabaki hivyo, sweta imemkalia utosini kama kofia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Norah alidhani analia. Mzee alikuwa anacheka.

"Samuel angeona hii, angeanguka chini," alisema alipopata pumzi. "Huyo alikuwa napenda kunicheka sana."

Akamrudishia, akamwambia aitafutie kazi nyingine, maana kuitupa hataki.

Norah aliianika. Ilipokauka akajaribu mkasi kwenye ncha ya mkono, akashangaa: nyuzi hazikufumuka hata moja. Sufu ilikuwa imeshikamana ikawa felti, kitambaa kilekile cha mapambo ya Krismasi waliyokuwa wakiuza dukani Busia, nyota na kengele ambazo wateja wengi walizishika, wakauliza bei, wakazirudisha taratibu mahali pake. Alirudi kwa mzee kuomba ruhusa kabla ya kukata zaidi. Mzee aliitazama sweta tena kidogo.

"Kata," akasema.

Akiror alipotoka sokoni alimkuta mkamwana wake mkekani, nyota nyekundu zimemzunguka. Norah akasimulia upya, akitarajia lawama. Akiror hakulaumu. Alimwambia kwamba yeye naye, alipoletwa hapo kutoka kwao kwa Wateso, alipika mboga kama ya kwao na mezani hakuna aliyegusa, akalia jikoni akisingizia moshi. Kisha akavuta kigoda, akaomba sindano.

Hawakununua kitu. Uzi waliutoa kwenye gunia la mahindi, vifungo kwenye mashati yaliyochakaa, na pamba ya kujazia kwenye mto uliopasuka. Norah alikata kengele na njiwa. Akiror aliuliza ng'ombe yuko wapi, na Yesu alizaliwa zizini. Akamkata mwenyewe, mnene, miguu mifupi, pembe moja ndefu kuliko nyingine, na akakataa katakata pembe hizo zisawazishwe.

Jioni mzee alisimama mlangoni akiwatazama. Akaomba nyota moja, iliyotoka kifuani mwa sweta. Asubuhi akaifunga ndani ya leso, akapanda baiskeli kwenda Mulanda kwa Babra, mjane wa Samuel. Tangu mazishi Babra alikuwa hataki sikukuu. Krismasi mbili walimwita, na mara zote mbili alijibu kwamba hajisikii vizuri.

Mzee aliporudi alikunywa maji kwanza. Halafu akaeleza kwamba Babra aliijua sufu ile papo hapo, kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua sokoni Eldoret, Samuel alitaka ya kijivu. Alicheka kidogo, akalia kidogo, akauliza nani amefikiria jambo hilo.

"Nikamwambia ni mke wa Phillip," mzee alisema. "Amesema yeye nakuja kumwona."

Akaja kweli, mkesha wa Krismasi, kwenye pikipiki moja na Phillip aliyekutana naye njiani, jogoo mapajani. Alizunguka sebuleni akigusa pambo moja moja kwenye matawi waliyosimika ndani ya debe la mchanga. Kisha akamkumbatia Norah muda mrefu.

Baada ya chakula Babra alianza kusimulia vituko vya Samuel, jinsi alivyowahi kupanda basi la Kitale akidhani linakwenda Malaba, akalala hadi mwisho wa safari. Alianza kwa Kidhopadhola, akamtazama Norah, akahamia Kiswahili na kurudia tangu mwanzo. Mzee Ofumbi alimrekebisha kila mara. Walibishana, wakacheka, na Norah akawa anacheka nao, akimimina chai hadi birika likaisha, akainuka kubandika jingine.