Chumba Kisichotaka Kelele

"Shemeji, kwani humo ndani mnalea kitu gani kisichotaka kusikia watu?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza jirani yetu, fundi wa kuchomelea, asubuhi moja nilipokuwa nafagia uani. Alisimama upande wake wa ukuta, miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso, anatazama dirisha la chumba chetu cha baiskeli. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa godoro. Godoro lenyewe lilikuwa langu.

"Muulize huyo mwanao aliyejifungia humo," nikamwambia. "Mimi nimebaki na mkeka."

Alicheka. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Chumba hicho tunakiita cha baiskeli kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa fundi baiskeli, na humo ndimo alimoweka magurudumu, minyororo na pampu zake. Alipofariki niligawa vifaa, nikabakiza ndoano za chuma za ukutani ambazo jirani alimchomelea. Kitindamimba wangu aliporudi nyumbani, baada ya duka alilokuwa anatengenezea simu kufungwa, akaniomba hicho chumba. Akasema atafungua studio ya kurekodi nyimbo. Nilimtazama usoni nikaona ana nia, nikampa ufunguo. Nikapiga magoti nikaiombea ile kazi. Niliyesahau kumwombea ni jirani.

Mimi nilidhani studio ni kinanda na mtu wa kuimba. Kumbe studio ni vita na kelele, na kelele ziko kila mahali. Huzijui mpaka umzae anayezitafuta.

Kwanza ilikuwa friji. "Mama, friji inanguruma." Nikamwambia friji hiyo imenguruma tangu hajaota meno. Akaichomoa, akafanya mambo yake, akasahau kuirudishia. Maziwa yakaganda, tukanywa mtindi ambao hakuna aliyeuomba. Ikafuata saa ya marehemu. Iko sebuleni, milango miwili kutoka kwake, lakini maiki yake ya kurekodia, aliniambia, ina masikio kumzidi mmbea. Akaitoa betri. Tukawa watu wa kukisia adhuhuri kwa kivuli. Mimi mwenyewe nikapigwa marufuku kuvaa kandambili ndani ya nyumba yangu, eti zinazaba sakafu makofi.

Bati nalo likakosea. Jua likipanda, bati hutanuka likatoa mlio, tah, kama mtu anayevunja kijiti. Akaja kuniuliza tufanyeje. Nikamwambia amwulize aliyeliumba jua. Siku nyingine wingu likatanda, akaniomba nisali mvua isinyeshe mpaka amalize.

"Hilo siliombi," nikamwambia. "Mungu ana wakulima wa kuwasikiliza. Siwezi kwenda mbele zake na habari za maiki."

Kisha zikaja trei za mayai. Alizitoa kwa muuza mayai, zile za karatasi zilizorundikwa stoo pamoja na magunia, zina vumbi na manyoya. Alisema zinaua mwangwi. Nikamwambia azianike kwanza juani azikung'ute, maana kitu cha stoo hakiingii ndani hivi hivi.

"Mama, hizi hazipikwi. Zinabandikwa."

Akazibandika ukuta hadi ukuta, na vumbi lake, na manyoya yake. Mlangoni akafunga blanketi mbili na nusu ya godoro lake mwenyewe. Ukiingia humo ilikuwa kama umeingia tumboni mwa mto wa kulalia. Sauti yako inatoka mdomoni inaanguka hapo hapo miguuni.

Zilipokwisha kelele za ndani akageukia za nje. Alimwomba muuza maji asipige kengele akifika kwetu. Alimwomba mama wa nyumba ya mbele ambembelezee mtoto upande wa nyuma. Mtaa ukampa jina, Bwana Kimya. Na mimi sikusalimika. Nikienda bombani nasikia, "Jamani, mpisheni Mama Kimya akinge. Na ndoo muitue polepole, isije ikalia." Wanacheka. Nacheka nao, ufanyeje, lakini nikirudi na ndoo yangu kichwani nilikuwa sina raha.

Hao wengine wana pa kukimbilia. Jirani wa ukuta mmoja hana.

Na yule fundi kwangu hakuwa jirani tu. Yeye na marehemu walikuwa chanda na pete. Geti langu kalichomelea yeye, kitanda changu kakichomelea yeye. Siku tuliyopata msiba alizima mashine bila kuombwa, akafunga karakana mpaka tulipomaliza maombolezo, wateja wake wakimsubiri. Na tangu hapo haanzi kazi asubuhi kabla hajaniita ng'ambo ya ukuta, "Shemeji, umeamkaje?" Wako wengi wanaomuuliza mjane ameamkaje. Anayesimama kusubiri jibu ni mmoja.

Mwanangu amekua anamwita baba mdogo. Na alipokwenda kumwomba, mara ya kwanza, alimwita hivyo. "Baba mdogo, mchana naomba usikate chuma."

"Nikate nini, nywele?"

Wakacheka wote wawili, na fundi akakubali. Kazi ya grainda akaisogeza asubuhi na jioni, mchana akawa anapima na kupaka rangi. Hakusema kama ilimgharimu. Ila nami nina macho. Nilimwona mteja mmoja akipakia vyuma vyake mkokotenini, analalamika kwamba fundi gani huyu anayefanya kazi kwa ratiba ya wimbo, anavipeleka kwa fundi wa barabara kuu. Jirani alimsaidia kupakia.

Basi kwaya yetu ya akina mama ikakubali kuja kurekodi kwa mwanangu. Ilikuwa nafasi yake. Ikitoka vizuri, vikundi vingine vitafuata. Ikitoka vibaya, mwalimu wetu wa kwaya hana breki mdomoni. Bwana Kimya akajifungia kujaribu mitambo. Akavaa hedifoni zake, akakaa tuli, akarekodi ukimya mtupu ili ausikilize kama ni safi. Akatoka mishipa imemsimama.

"Ni fundi tena."

Nililisikia hilo neno. Fundi. Baba mdogo ameishia wapi?

"Mbona mimi sisikii grainda?"

"Wewe huwezi kusikia, Mama. Ni mlio mwembamba, kama chuma kinakwaruzwa mbali. Anakata kidogo kidogo kwa siri."

"Mtu akate chuma kwa siri?"

"Nenda kaangalie."

Nikaenda. Jirani alikuwa amechuchumaa, anapaka rangi fremu ya dirisha kwa brashi, grainda imelala juu ya meza, imefunikwa gunia. Nikamsalimia, nikamuuliza hali ya magoti yake, nikarudi.

"Anapaka rangi."

"Basi ni mashine kubwa. Ikiwa imechomekwa tu, umeme unalia kwenye nyaya. Mwambie aichomoe."

Nikarudi tena. Aliichomoa bila kuuliza kitu. Kesho yake mchana, mwanangu huyo mlangoni, mlio uko pale pale. Nikamwambia mara hii aende mwenyewe. Akasema akienda yeye watagombana. Basi akaenda mama mtu mzima, peku, kandambili zimekatazwa, kumwambia mtu aliyekwisha kuzima kila kitu kwamba bado anapiga kelele.

Jirani aliweka brashi chini.

"Shemeji, grainda nimezima. Mashine nimechomoa. Sasa nizime nini, moyo?"

Nikaiokota ile brashi, nikailaza juu ya kopo la rangi.

"Barabara kuu kuna banda limekuwa tupu," akasema, anafuta mikono kwa kitambaa. "Nimeambiwa nikitaka nihamie. Nilikuwa nimekataa."

Alisema "nilikuwa". Nilirudi ndani nikakaa kwenye kitanda kisicho na godoro, nikaanza sala ya mchana, nikafika katikati nikakuta nimepotea. Nilikuwa nawaza asubuhi bila mtu wa kuniita ng'ambo ya ukuta. Hapo nikainuka. Nikamwambia mwanangu kesho atamsikilizisha jirani huo mlio kwa masikio yake, na mimi nikiwepo.

"Mama, watu watatu humo ni pumzi nyingi."

"Tutapumua kwa zamu."

Jirani alikuja mchana amevaa shati safi. Begani alikuwa amejiviringia waya wa mashine yake kubwa, wote, plagi inaning'inia kifuani kama medali.

"Nimekuja nao," akasema. "Isije ikasemwa unalia huko peke yake."

Nilitaraji mwanangu acheke. Hakucheka. Alimwonyesha kigoda, akamtolea hedifoni kwenye ndoano ya ukutani, mojawapo ya zile zile za marehemu, akamvisha. Akagusa kompyuta. Jirani akasikiliza, kichwa amekiinamisha, kama anavyofanya kanisani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ndiyo mashine yako hiyo."

Jirani akashusha waya begani, akauweka mezani chini ya maiki. "Yangu, waya wake huu hapa."

"Sawa. Tena vizuri," mwanangu akasema. "Sasa narekodi upya, waya ukiwa hapa ndani. Mtaona wenyewe kulivyo safi. Msitikisike. Mama, hata shanga zako za sala."

Akazivaa hedifoni yeye, akakaa kwenye kiti chake, mgongo kwenye ukuta wa trei. Tukanyamaza. Nimekaa kimya mara nyingi mbele za Mungu, lakini kimya cha chumba kile kilikuwa kinabana masikio. Nikasikia tumbo langu. Nikasikia jirani akimeza mate.

Na mara, kri. Kri, kri, kri.

Mwanangu akaruka, kidole ameuelekezea ukuta wa karakana. "Huo! Si mnausikia? Huo hapo!"

Aliporuka, mlio ukakatika.

"Vua hizo," nikamwambia.

"Mama, nimeunasa, umo kwenye…"

"Vua. Kisha kaa, unyamaze, usikilize kwa masikio niliyokuzaa nayo."

Akavua, akakaa. Tukatulia upya. Haikuchukua muda. Kri, kri, kri, nyuma ya kisogo chake, ndani ya trei za mayai, karibu naye kiasi kwamba angegeuka wangebusiana. Nyenje. Mmoja tu, tena kwa sauti yake mdogo wa mwili. Aliingia na trei kutoka stoo, pamoja na vumbi na manyoya, akakuta giza, akakuta joto, akaona Mungu amempa makao. Mtu akitikisika, ananyamaza. Watu wakitulia ili warekodi, anadhani dunia imelala, anaanza. Na kadiri mwanangu alivyonyamazisha friji, na saa, na kengele ya maji, na grainda ya watu, ndivyo alivyomfagilia mdudu uwanja. Wahenga walikwisha kusema habari za kikulacho, sina haja ya kurudia.

Mwanangu aligeuka akasogeza sikio kwenye trei. Akagonga kwa kidole. "Kumbe," akasema. Alikuwa anamwambia nyenje.

Jirani alikuwa bado kwenye kigoda, mikono magotini. Hakucheka, na wala hakununa. Nikaona anasubiri. Nami nikasubiri. Ni maneno matatu tu, baba mdogo, samahani, hayana gharama, nilimfundisha kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Nikayaombea moyoni yatoke.

Mwanangu akabandua trei ya kwanza, akachungulia, akabandua ya pili. Vumbi likamwangukia nyweleni.

"Sasa itabidi nibandue ukuta mzima," akasema, mgongo ametugeuzia, "na kwaya ndiyo hiyo inakuja. Sikia, fundi. Siku hiyo wakija usichomeke kitu chochote, sawa? Na grainda, hata asubuhi, iache tu. Tusije tukabahatisha."

"Mwanangu," nikasema.

"Nini, Mama? Si bora tuwe na uhakika?"

Jirani akainuka. Aliziokota hedifoni pale mezani, akazitazama kidogo, akazirudisha kwenye ndoano aliyoichomelea kwa mkono wake, akahakikisha zimekaa. Akauviringa waya wake, duara juu ya duara, bila haraka, akaupandisha begani. Akanitazama. Mimi nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kusemwa na mtu mwingine aliyekuwa anabandua trei.

Akafika mlangoni, akasogeza blanketi, akatoka, akaushika mlango kwa mikono miwili ausindike polepole usitoe mlio, akaenda zake.